Daftari la safari: naandika kwanza, kubandika baadaye

Kwa mama kuna kopo la biskuti, la bati, limeshapauka rangi zote, na ndani yake ndo zimo picha za safari zetu za utotoni. Mwaka juzi nilikaa nalo mkekani jioni nzima natoa picha moja moja, na karibu nusu sikujua ni wapi, wala lini, wala huyu aliyesimama na sisi ni nani, geuza nyuma hakuna hata neno. Baba ndo alikuwa mpiga picha wa nyumbani. Enzi hizo filamu ni picha 36 basi, kwa hiyo alikuwa anazihesabu, hapigi ovyo, kila alichopiga alikuwa na sababu yake, na baba hayupo tena wa kumuuliza. Iliniuma sana aisee. Siku ileile nikasema picha za wanangu haziwezi kuishia hivi.

Toka hapo natengeneza madaftari ya safari. Wenyewe wanaita skrapubuku, mi nimezoea kusema daftari la safari, yaani unachukua kurasa ngumu, unabandika picha, tiketi, kipande cha ramani, unaandika maneno pembeni, safari moja inakaa mahali pamoja. Nimeshamaliza matatu na la nne liko mezani. Watu wengi wameniuliza naanzaje, natumia nini, kwa hiyo naweka hapa yote ninayoyajua pamoja na niliyoyaharibu.

Kitu cha kwanza kabisa, usianze na mapambo. Najua mtu akisikia habari hii anakimbilia steshenari kununua stika, riboni, kalamu za rangi, na mi nilifanya hivohivo, ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa safari ya Kilwa, nikauremba mpaka ukajaa, ukiuangalia leo unapendeza lakini haukwambii chochote. Picha 14 kwenye ukurasa mmoja! Zote za magofu na bahari. Hakuna hata mstari unaosema kwamba njiani mwanangu alilala mpaka tukavuka daraja la Mkapa pale Rufiji halafu akaamka analia kwamba tumemnyima mto, maana alikuwa ameahidiwa ataona mto mkubwa. Hiyo ndo Kilwa yetu sasa. Magofu yapo, yamepigwa picha na watu wengi kuliko mimi na kwa kamera nzuri kuliko yangu.

Kwa hiyo siku hizi naandika kwanza. Bado tuko safarini, jioni tukishakula, nafungua simu naandika vitu vitano vya siku hiyo, na sio "leo tulienda pale", hapana, naandika nani kasema nini, tumekula nini na kwa nani, kulikuwa na harufu gani, nini kilitukwamisha. Kama nimechoka narekodi sauti. Ukisema ntaandika nikifika nyumbani, nakuhakikishia hutaandika, utafika kuna nguo za kufua na kazi Jumatatu, na baada ya wiki mbili unakumbuka tu kwamba ilikuwa nzuri.

Nikirudi Kilwa kidogo maana ndo ukurasa nilioufumua nikautengeneza upya. Kisiwani pale kuna Msikiti Mkuu, kuna Husuni Kubwa, lile jumba la sultani wa zamani, ndo mji ule ambao msafiri maarufu Ibn Battuta alifika mwaka 1331, na UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 1981 pamoja na Songo Mnara. Haya nimeyaandika mistari miwili tu chini kabisa, mtu akitaka zaidi atasoma kwingine. Nafasi kubwa nimempa mwanangu. Alikuwa ameokota kigae, kipande cha chombo cha udongo kina rangi ya kijani iliyofifia, akakificha mfukoni, yule mzee aliyekuwa anatutembeza akamuona. Hakumkaripia. Alichuchumaa akamwambia kila kipande hapa kina mahali pake, ukikiondoa wanaochimba historia hawawezi tena kujua kilitoka nyumba gani. Mtoto akakirudisha palepale alipokitoa, halafu akaomba kalamu akakichora. Ule mchoro ndo uko katikati ya ukurasa, mkubwa kuliko picha zote, na akitokea mgeni nyumbani ndo wa kwanza kuoneshwa. Kwa hiyo kama una watoto wape kalamu, waache wachore. Na kwenye magofu na hifadhi za taifa usichukue kitu, si jiwe, si unyoya, si mfupa, chora au piga picha inatosha.

Ramani pia tunachora wenyewe. Binti yangu alichora barabara ya kusini kuanzia Mbagala, Mkuranga, Kibiti, daraja, Somanga, mpaka Nangurukuru pale unapokata kushoto kwenda Kilwa Masoko, na kila kituo kaweka tulichokula. Vipimo havijakaa sawa hata kidogo, Somanga imekuwa kubwa kuliko Dar kwa sababu pale alikula samaki akashiba. Siwezi kuibadilisha ile kwa ramani yoyote ya kuprinti.

Sasa vifaa, hapa niwe wazi maana nimeharibu vitu ambavyo havirudi.

Risiti na tiketi nyingi za siku hizi, zile karatasi laini zinazotoka kwenye vimashine, risiti za EFD na tiketi za basi, hazina wino. Ni karatasi yenye dawa inayobadilika rangi ikipata joto, ndo maana ukiiacha kwenye dashibodi ya gari inapotea maandishi au inakuwa nyeusi. Mi sikulijua hilo. Nilichukua risiti ya gesti tuliyolala Kilwa na tiketi mbili za basi nikapeleka zikafanyiwe laminesheni, yaani kufunikwa na plastiki, ili zidumu, zikatoka nyeusi tii, zote tatu, maana ile mashine inafanya kazi kwa joto. Nilisikitika mno kwa sababu nyuma ya tiketi moja mume wangu alikuwa ameandika namba za viti na jina la dereva. Basi karatasi za namna hiyo zitoe fotokopi au zipige picha siku hiyohiyo unayozipata, ubandike fotokopi. Tiketi zinazokuja kwenye simu, kama za treni ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma, piga skrinishoti mapema uprinti, usingoje simu ipotee.

Karatasi tumia manila au kadi nzito. Ukipata isiyo na asidi ni bora zaidi, na ukiikosa usisimame kwa ajili hiyo. Gazeti usilibandike lenyewe, linageuka njano haraka na linachafua picha iliyo jirani, toa fotokopi. Gundi ya maji inakunja karatasi, hiyo iache, tumia ile ya kijiti inayozungushwa kama lipstiki, na kwa picha zenye thamani, zile za zamani ambazo huna nakala, usipake gundi kabisa, kata vipembe vinne vya karatasi uvibandike kwenye ukurasa halafu uchomeke picha humo, siku ukitaka kuitoa inatoka nzima. Selotepu kamwe.

Na zile albamu za kunata, ambazo unafunua plastiki unaweka picha unafunika, ambazo kila nyumba zilikuwepo moja kwenye kabati la sebuleni, kama mnazo nyumbani zitoeni picha taratibu. Ile gundi yake inazeeka inakuwa ya kahawia na inang'ang'ania picha. Mi nilitoa picha za mama na uzi wa kusafishia meno, unaupitisha chini ya picha kidogokidogo kama unakata sabuni ya mche, bila haraka. Picha ikigoma usiilazimishe, ipige picha ikiwa humohumo uprinti nakala.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, usikandamize. Peni inatoboa alama mpaka mbele na wino wake unavuja.

Kuhusu kusafisha picha za simu, yaani kuzitoa kwenye karatasi. Tafadhali usipeleke studio picha uliyotumiwa WhatsApp kawaida, inakuwa imeshabanwa imepungua ubora, mwambie aliyeipiga hiyo picha akutumie kama dokumenti. Picha ya saizi ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 inataka iwe angalau pikseli 1200 kwa 1800 ndo itoke safi. Na usisafishe zote. Safari ya siku nne inaweza kuwa na picha 600 kwenye simu, mi nachagua zisizozidi 12 kwa safari nzima, kila ukurasa picha moja kubwa, mbili ndogo, kitu kimoja cha kushikika, na maneno. Nikikwama kuchagua nawauliza watoto ipi inawakumbusha kitu, na mara zote wanachagua ile ambayo mtu kafumba macho.

Kitu cha kushikika naweza kuweka kipande cha kanga. Shangazi yangu alisafiri na sisi kwenda Lushoto, kanga yake ilichanika kwenye mwiba tukiwa tunashuka kutoka Irente, alikuwa anataka kuitupa, nikamwomba ule ukingo uliochanika. Uko kwenye ukurasa wa Lushoto sasa na yeye mwenyewe kauandikia kwa mkono wake.

Halafu unyevu. Tunaoishi Dar na pwani yote hili ni letu. Daftari langu la kwanza nilikuwa naliweka shelfu ya chini kabisa, limeegemea ukuta, masika ilipoisha nikalifungua nikakuta ukungu kurasa tatu. Liweke juu, mbali na ukuta na jua, weka vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, na kila baada ya muda lifungue lipate hewa. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali usiitumie, inashikana na picha.

Lakini hayo yote ya gundi na karatasi unaweza kuyakosea na bado ukawa na daftari zuri. Ambalo huwezi kulirudia ni watu. Narudi kwenye lile kopo la biskuti.

Kulikuwa na picha moja, sisi watoto watatu tumevaa masweta, nyuma kuna treni, pembeni kasimama mwanaume amevaa pama, kashika boksi. Nilidhani ni ndugu wa baba. Nikampelekea mama, nikawasha simu irekodi, nikamuuliza tu hii ni wapi. Akaishika akakaa kimya kidogo, akaniambia hii ni Makambako, 1998, mlikuwa mnaenda Mbeya kwa bibi yenu na TAZARA, daraja la tatu, na mi nilikuwa na mimba ya mdogo wenu wa mwisho. Treni imejaa, mama anatapika toka Dar, na huyo mwenye pama alikuwa mwalimu anakwenda Tunduma, hawajuani kabisa. Alimwachia mama kiti chake cha dirishani apate hewa, yeye akakaa juu ya boksi lake njia yote kutoka Mlimba mpaka Makambako, kile kipande chenye milima na mahandaki, usiku. Tulipofika baba akasema huyu lazima nimpige picha na wanangu.

Picha moja kati ya 36, na baba kampa mtu asiyemjua. Nimeishi miaka yote hii naiona ile picha nadhani ni mjomba fulani.

Kwa hiyo ninachokuomba, kama wazazi wako au bibi na babu bado wapo, kabla hujanunua hata manila moja, chukua picha za zamani ukakae nao. Usiende na maswali mengi, picha tano kwa siku zinatosha maana wanachoka, na nyingine zinaliza. Rekodi sauti. Halafu ukiandika kwenye ukurasa andika kama walivyosema wao, usiwasahihishe, mama yangu alisema "yule ndo alonipa dirisha" na mi nimeandika hivohivo kwa herufi kubwa juu ya picha, ndo kichwa cha ukurasa. Na mkibishana mwaka au mahali andika majibu yote mawili, kaka yangu anasema hiyo ilikuwa 1997, nimemwekea mstari wake.

Ukurasa huo haujaisha. Chini ya picha nimeacha mstari mtupu kwa penseli, wa jina la mwalimu, mama anasema linaanza na M na litamjia tu. Jumamosi anakuja kula kwangu, ntalitoa tena daftari tukae nalo.