Kona mbili zilizopungua na pointi iliyolala: namna ya kuzipata ukiwa Moshi

Mkuu, umeandika kwamba seti ya Hornby, treni ya umeme ya kuchezea, uliyoiokota kwenye mitumba ya Memorial ina kona (vipande vya reli vilivyopinda) sita badala ya nane, na pointi moja (kipande cha kugawa njia mbili) haipitishi umeme. Umetafuta kona hizo mji mzima hadi Arusha, hola. Acha kuzitafuta. Kona inatengenezwa, pointi ndiyo ya kuagiza.

Anza na vipimo. Kati ya reli na reli, ndani kwa ndani, iwe 16.5 mm. Halafu panga kona nne ziwe nusu duara, pima katikati ya njia upande huu hadi katikati ya njia upande ule. Ukipata 876 mm, nusu kipenyo ni 438 na kila kona ni ya digrii 45. Ukipata 742, hiyo ni 371, na hesabu zangu hapa chini hazikuhusu. Kimo cha reli mpelekee fundi mashine yeyote mwenye kalipa: unataka 2.54 mm, wanayoiita kodi 100. Rula itakudanganya, maana kodi 75 ni 1.9 tu. Pitisha na sumaku: ikinasa, reli ni za chuma na masika yatazipiga kutu. Hizo usizihangaikie.

Sasa agiza reli ya kupinda ya kampuni ya Peco, namba SL-100, urefu 914 mm, pamoja na pakiti moja ya viungio SL-10. Kama kuna ndugu anakuja, mwambie aikate katikati ndipo iingie kwenye begi. Kila nusu ni 457 mm na kona moja inataka 344, kwa hiyo reli moja inatosha kona zako mbili.

Chora tao kwenye plaiwudi: msumari, ufito, penseli kwenye 438 mm. Kunja reli ifuate mchoro, ibane kwa misumari midogo, ndipo ukate. Hapa wengi wanaharibu, wanakata kwanza kisha wanakunja. Reli ya ndani inapita njia fupi kuliko ya nje, tofauti ni karibu 13 mm kwa kona moja, kwa hiyo ukikunja yenyewe inachomoza. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo au kidisiki. Plaizi zinaponda kichwa cha reli na gurudumu litaruka pale pale. Piga tupa, kisha nyoa vishikizo vya taruma (kipande cha plastiki kinacholala chini ya reli) la mwisho kila upande ili kiungio kiingie. Kipande cha kupinda hutaka kurudi kunyooka, kwa hiyo kipigilie kwenye ubao, usikiache sakafuni.

Ukitaka kulehemu kiungio, weka tishu mbichi pande zote mbili na usizidishe sekunde tatu, mataruma ni plastiki. Fluksi, dawa ya kusaidia risasi kushika, iwe ya fundi simu. Ile ya asidi ya mafundi rejeta itakula reli taratibu.

Pointi: ya Hornby namba R8072 ni ya kushoto, R8073 ya kulia, urefu 168 mm. Peco ST-241 na ST-240 zinaingia badala yake. Usiuziwe pointi za Peco za aina ya Streamline kwa sababu tu ni kodi 100 na bei imeshuka: zinachepuka digrii 12, za seti yako 22.5, na duara halitafunga.

 

Ila kabla hujatuma hela, ijaribu hiyo pointi. Umeme hupita pale ulimi (kile kipande cha reli kinachosogea) unapogusa reli ya pembeni, na vumbi la Moshi linatosha kuukata. Lowesha kipande cha karatasi ngumu kwa spiriti, kibane kati ya ulimi na reli, kivute mara tano sita. Steelwire ya jikoni usiiguse, nyuzi zake zinavutwa na sumaku ya mota.