Kabla hujapanda mlingoti, soma aptaimu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabora aliniandikia: “Shikamoo kaka. Linki yangu ya kilomita 9 inakatika kila jioni. Nimebadili redio mara mbili. Nifanyeje?” Linki, kwa asiyejua, ni redio mbili zinazorushiana intaneti hewani bila waya. Nikacheka, kisha moyo ukaniuma. Kwa tatizo hilohilo mimi niliwahi kukata mwembe wa mtu.

Nilikuwa nimefunga linki kutoka ghorofa moja pale Mwanga, hapa Kigoma, hadi Ujiji, kama kilomita 6. Mlingoti wa Ujiji tuliusimika kwa mama mmoja jirani na duka la mteja, kwa kuwa nyumba yake iko juu kidogo. Masafa gigahezi 5.8, ishara hasi 61 (ikikaribia sifuri ndiyo nzuri zaidi), pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, haitikisiki. Nikapiga picha nikaweka statasi. Acha nijisifu: usiku ule sidhani kama kulikuwa na fundi Kigoma nzima aliyelala vizuri kuniliko.

Wiki ya tatu ikaanza. Saa moja jioni kimya, dakika mbili hivi, inarudi. Saa moja na nusu tena. Mchana kutwa haina neno.

Nikautazama ule mwembe. Mnajua habari za Fresnel: redio mbili hazitazamani kwa uzi, zinatazamana kwa kitu chenye umbo la mtumbwi, chembamba kwenye ncha na kinene katikati. Kwa kilomita 6 na masafa yale, unene wake katikati ni karibu mita 9 kila upande wa mstari, na asilimia 60 ya hapo inatakiwa iwe wazi. Majani yana maji, na maji hunywa mawimbi hayo. Mwembe ulikuwa umeingiza matawi ndani ya mtumbwi. Kesi imekwisha, nikajiambia.

Bibi mwenye mwembe alichukua shilingi 60,000 zangu akazifunga kwenye pindo la kanga. “Haya mwanangu, kata. Ila hayo maembe ndiyo madaftari ya wajukuu zangu.” Nikakata. Ishara ikapanda hadi hasi 58, nikashangilia juu ya bati kama nimefunga goli. Saa moja jioni ikakatika.

Yaliyofuata siyasimulii yote: chaneli, kebo mpya, bomba la mita 3 kuongezea mlingoti. Mteja akachoka, akaita fundi kutoka nje ya mkoa, naye akamwambia vifaa vyangu ni feki. Neno hilo mpaka leo linanichoma. Vilikuwa halisi, na risiti ninazo.

Nilikwenda Ujiji jioni kufungua vyangu. Mama akanipa chai, nikakaa kwenye mkeka sebuleni. Akarudi mwanawe kutoka sokoni na ndoo ya migebuka iliyobaki, akaitia kwenye friza, akaliwasha. Mchana hulizima kubana umeme wa LUKU. Friza likaguna. Taa ya dari ikafifia, na kitaa cha adapta ya PoE (inayoipa redio umeme kupitia kebo ya mtandao), iliyochomekwa kwenye ekstensheni moja na friza, kikazimika, kikawaka. Nikaweka kikombe chini.

Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishatulia. Waya wa ile ekstensheni ulikuwa mwembamba kama wa chaja. Volti zikishuka, adapta inakata, redio inaanza upya, na hizo ndizo dakika mbili zangu. Nikavuta waya wa peke yake kutoka meini switchi, nikaweka na UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukiyumba. Usiku ule haikukatika hata mara moja. Nikampigia mteja. Alikwishamlipa mwenzangu. Vifaa vyake vipya vikachomekwa kwenye waya wangu, vikafanya kazi, akasifiwa yeye.

Vijana wenzangu, tunapenda sana kupanda juu. Ukiwa juu na mkanda wa usalama watu wanakuona fundi. Ukikaa chini unasoma ukurasa wa redio kwenye kompyuta wanakuona mvivu. Lakini kwenye ukurasa huo wa kwanza kabisa kuna aptaimu, muda tangu redio iwake. Mimi sikuitazama hata siku moja! Linki ikikatika na aptaimu ikaanza sifuri, achana na miti: tafuta umeme, adapta, kebo, konekta iliyoingia maji. Aptaimu ikiendelea na ishara ikaporomoka, hapo ndipo upande: dishi limegeuzwa na upepo, au kuna mti. Ishara ikisimama palepale na linki bado inakufa, kuna anayepiga kelele, yaani redio au rauta nyingine, kwenye chaneli yako. Na msiisingizie mvua. Kwenye gigahezi 5.8 mvua yenyewe haili sana, ni majani yaliyolowa na konekta zisizofungwa vizuri. Andika saa. Nasema tena, andika saa, kila inapokatika, kwenye daftari.

Kijana wa Tabora amenijibu jana. Aptaimu siku 41, ishara hasi 64 mchana na hasi 64 jioni. Umeme wake ni mzima basi, na hakuna mti wa kukatwa. Nimemwomba apime kelele za chaneli saa nne asubuhi, kisha saa mbili usiku watu wakiwa majumbani na rauta zao, anitumie picha mbili. Ya asubuhi imefika. Ya usiku naisubiri.