Seli zimejaa chupa, chembe sahani hazionekani: mimi nilikwamishwa na IL-3

Mkuu mwenye uzi, unasema unakuza seli shina za damu ya kitovu (zile zenye alama ya CD34) ili upate chembe sahani, yaani vipande vidogo vya kugandisha damu, na umeweka vichocheo vya TPO, SCF, Flt3, IL-3 na IL-6 kwa pamoja tangu siku ya kwanza hadi ya 14, seli zimezaliana mpaka chupa hazitoshi, lakini megakaryosaiti, zile seli kubwa zinazozaa chembe sahani, ni chache na chembe sahani ni za kuokoteza. Nimecheka kwa uchungu, maana huko nimepita.

Mara yangu ya kwanza nilichanganya hivyohivyo. Kila nikihesabu, idadi imepanda, nikajiona fundi. Siku ya 14 nikazipaka alama za CD41 na CD42b, zinazotambulisha megakaryosaiti, na kuzipitisha kwenye mashine ya leza inayosoma alama hizo seli moja moja. Zaidi ya nusu hazikuwa na alama hata moja. Nilipozitia rangi na kuziweka chini ya hadubini nikakuta makrofaji (seli nyeupe za kumeza uchafu) na seli zilizojaa punje nyeusi. Wiki mbili nzima nilikuwa namwagilia magugu!

Vichocheo hivyo havina kazi moja. SCF, Flt3 na IL-3 huzizalisha seli zikiwa bado changa, na IL-3 haichagui ukoo: seli changa za damu za aina nyingi huitikia. TPO ndiyo inayozisukuma ziwe megakaryosaiti na kuzikomaza. Na megakaryosaiti hukomaa kwa namna ya ajabu kidogo. Inarudufu kromosomu zake tena na tena bila kukatika vipande viwili, kutoka 2N (seti mbili za kawaida) kwenda 4N, 8N, na katika uboho wa mtu mzima nyingi hufika 16N, nyingine hata 64N. Sasa wewe unataka seli iache kugawanyika inenepe, huku IL-3 inaisukuma izidi kugawanyika. Itabaki changa na ndogo.

Nilichobadilisha ni muda tu. Siku sita za mwanzo TPO pamoja na SCF na IL-3 kidogo, kisha nikaziosha seli na kuzihamishia kwenye TPO nanogramu 50 kwa mililita na IL-6. Idadi ya jumla ilishuka, nikaogopa. Lakini siku ya 11 nikaona nilichokuwa nakitafuta: seli kubwa imetoa nyuzi ndefu, na kwenye kila uzi vifundo kama shanga. Hivyo vifundo ndivyo vinavyokuja kukatika kuwa chembe sahani. IL-6 na IL-11 zenyewe bila TPO hazifiki mbali, ni wasaidizi, ingawa IL-11 iliwahi kupitishwa kuwa dawa ya kupandisha chembe sahani huko Marekani mwaka 1997.

Usisahau kubadilisha maji ya seli kila siku tatu au nne. TPO, iliyotambuliwa mwaka 1994, hutengenezwa zaidi kwenye ini, na mwilini hupunguzwa na chembe sahani zenyewe, zinazoinasa kwa kipokezi cha Mpl na kuimeza. Megakaryosaiti zina kipokezi hichohicho, kwa hiyo kadiri chupa inavyofanikiwa ndivyo TPO inavyoliwa. Halafu isikushangaze ukiona nyuzi zinatoka hata TPO ikiwa imepungua mwishoni. Hatua ya kumwaga chembe haiitegemei sana, na panya waliozaliwa bila Mpl bado wana chembe sahani, japo chache mno.

Mdau aliyekushauri uongeze seramu, hapo nampinga. Seramu inatokana na damu iliyoganda, na chembe sahani zinapogandisha damu humwaga TGF-beta, ambayo ni breki kwa megakaryosaiti. Mimi natumia mchanganyiko usio na seramu.

Damu ya kitovu nayo ina tabia yake. Inakupa megakaryosaiti nyingi lakini ndogo, nyingi hazivuki 4N hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kuna waliopandisha inkubeta hadi nyuzijoto 39 wakapata nyingi zaidi na mapema zaidi. Mimi nilijaribu mara moja, ikanisaidia, ila usikae nazo hapo siku nyingi.

Mwisho, kabla hujahesabu, achana na pipeti yenye ncha nyembamba. Hizi seli ni kubwa, zinapasuka, na vipande vyake vinabeba CD41 vizuri tu. Nilishawahi kushangilia "chembe sahani" ambazo zilikuwa maiti. Zichokoze kwa thrombini (kimeng'enya cha kugandisha damu) uone kama zinatoa CD62P, alama ya chembe sahani iliyoamshwa, juu ya utando. Kama hazitoi, ni takataka.

Tupia hapa picha ya siku ya 10 na kipimo cha CD41, tuone umekwama hatua gani.