Nilinunua Eneo Isaka, Nikasubiri Treni

Juzi kijana mmoja wa Kibaha kaniandikia: "Kaka, bandari kavu ya Kwala imeshafunguliwa, reli zote mbili zinapita pale. Ninunue kiwanja?" Nikacheka peke yangu. Nilikuwa yeye mwaka 2008.

Wakati huo nilikuwa na lori moja na maneno mengi. Isaka, kule Shinyanga, nako kuna bandari kavu, yaani kituo cha kupokelea mizigo ya bandarini mbali na bahari; nilikuwa naipita kila wiki. Treni inatoka Dar na mizigo, inashusha pale, malori yanapokea kuelekea Rusumo kwa ajili ya Rwanda na Kabanga kwa ajili ya Burundi. Nikajisemea, atakayekaa pale reli inapoikabidhi barabara mzigo, huyo hafi njaa. Nikakopa, nikazungusha ukuta, nikamwaga moramu, nikasubiri semi zije kulala kwangu.

Mwishoni mwa 2009 mvua ikanyesha Kilosa. Kilosa, ndugu zangu, mamia ya kilometa kutoka kwenye ukuta wangu! Mafuriko yakabeba tuta la reli, treni zikasimama kwa miezi. Wenye mizigo hawakunisubiri. Kontena likipakiwa Dar, semi inakwenda nalo moja kwa moja mpaka Kigali. Zikipita Isaka, madereva wanaonijua wananipigia honi. Sijui kama walikuwa wananisalimia au wananicheka. Marejesho ya benki nililipa kwa kuuza lori.

Mdogo wangu, usihesabu majengo, hesabu mabehewa. Mimi nilikuja kushika daftari 2012, nikakaa stesheni siku kumi na nne. Nikaona nilichopaswa kukiona mapema: mabehewa yanaingia yamejaa, yanarudi matupu. Nikaanza kukusanya mchele wa Kahama na kuutafutia nafasi kwenye mabehewa ya kurudi Dar. Yadi haikunilisha. Mchele ulinilisha, na ndio uliosomesha watoto.

Tena Kwala si Isaka. Kwala imewekwa karibu na Dar kupunguza msongamano wa bandarini, kwa hiyo kontena linapakiwa bandarini, linashushwa baada ya safari fupi, linapakiwa tena. Kila kreni ikinyanyua kuna mtu analipa. Ni nani? Kabla hujampa dalali hata shilingi, muulize mwenye mzigo swali hilo. Na usidanganyike kwamba reli mbili zikiwa pamoja basi behewa linahama tu: ile ya zamani ina upana wa milimita 1,000, SGR, yaani ile mpya ya kisasa, ni 1,435. Hesabu mabehewa, nasema tena. Vijana mnapenda picha za rais akikata utepe, daftari hamlipendi.

Tangu SGR ya Mwanza–Isaka ianze kujengwa 2021, madalali wananipigia kuhusu lile eneo. Wa mwisho alitaja bei mara sita ya niliyonunulia. Mke wangu anasema niuze. Bado sijauza.