Benchi la skrubu za mshazari: kosa langu lilikuwa kuiamini skrubu

Benchi langu la kwanza lilisimama vizuri kwa wiki tatu. Wiki ya nne likaanza kulia kila nikikaa, na nikijigeuza linayumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Nikakaza skrubu zote, likatulia siku mbili, likarudia. Nilipolifungua ndipo nikaona kwamba skrubu hazikuwa na kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi niliyezipangia kazi isiyo yao.

Kwa asiyeijua njia hii: unatoboa tundu la mshazari karibu na mwisho wa ubao, kwa pembe ya digrii 15 hivi, kisha skrubu inapita humo, inatokea kwenye kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa, na kuzama katika mbao ya pili. Kinachoongoza drili ni jigi, kile kifaa kidogo cha plastiki au chuma chenye njia za kupitishia keekee. Keekee yenyewe ina ngazi: sehemu nene, ya milimita 9.5, inachimba mfuko wa kukalia kichwa cha skrubu, na ncha nyembamba inafungua njia ya mwili wake. Huhitaji patasi wala miaka ya kujifunza kuchonga ulimi na tundu lake. Ndiyo maana sisi mafundi wa Jumamosi tunaipenda, na ndiyo maana inatudanganya.

Skrubu inajua kuvuta. Inavuta mbao mbili zishikane barabara. Ila ukiweka moja tu kwenye kiungo, ubao unaizunguka kama mlango kwenye bawaba. Mimi niliweka moja moja, tena kwenye mbao za fremu, zile zinazounganisha miguu chini ya ubao wa kukalia, zenye upana wa sentimita 5. Sasa hivi siweki chini ya mbili kwa kila kiungo, na mbao za fremu nachukua za sentimita 9. Upana huo ndio unaozuia kuyumba, kwa sababu skrubu zikiwa mbali mbali, mguu hauna nafasi ya kucheza. Chini, sentimita 10 kutoka sakafuni, naongeza mbao ya kufungia miguu. Hiyo niliidharau nikidhani ni pambo.

Vipimo vyangu ni hivi: urefu sentimita 120, upana 35, kimo 45. Miguu ni ya mraba wa sentimita 7, mbao nyingine zote zina unene wa milimita 38. Kata miguu baada ya kutoa unene wa ubao wa kukalia, usije ukapata benchi la kuning'iniza miguu. Kwa unene huo skrubu inayofaa ni ya milimita 63 hivi. Kwa mbao za milimita 19 ni ya 32. Mbao laini kama msonobari inataka skrubu yenye hesi pana, yaani ile mizunguko ya mwili wake iachane, mbao ngumu inataka hesi za karibu karibu. Jigi na pete ya kikomo kwenye keekee, ile inayoizuia isizame kupita kiasi, virekebishwe kwa unene uleule. Toboa kwanza kipande cha mabaki, funga, uangalie ncha ya skrubu haijachungulia upande wa pili.

Matundu yote toboa kwenye mbao za fremu, kamwe si kwenye miguu. Skrubu ikitoka kwenye fremu inaingia ubavuni mwa mguu, ikikata nyuzi za mbao, na hapo inashika. Ukifanya kinyume inaingia kwenye kichwa cha ubao, sambamba na nyuzi, na siku moja itachomoka na unga wake.

Kuna mtego ambao sikuambiwa na mtu. Ukikaza, kwa kuwa skrubu inaingia kwa mshazari, ubao unateleza kidogo kuelekea upande inakoelekea. Milimita moja tu, lakini inaonekana, na gundi ikishapakwa utelezi unazidi. Dawa ni klampu, na si mkono wa jirani. Bana kiungo hadi mbao zikae sawa, kisha kaza taratibu drili ikiwa kwenye nguvu ndogo, umalizie kwa bisibisi ya mkono kama mbao ni laini. Nimewahi kuzungusha hadi skrubu ikatafuna njia yake yenyewe, na baada ya hapo haishiki tena hata uibembeleze.

Mtego wa pili uko ndani ya mguu. Mbao mbili za fremu zinakutana kwenye mguu mmoja, kila moja na skrubu zake, na zikiwa kwenye kimo kimoja zinagongana humo ndani. Pishanisha: kwenye mbao fupi sogeza matundu juu kidogo, kwenye ndefu yashushe. Halafu mbao fupi zikae sawa na uso wa ndani wa miguu. Nilizipeleka nje zilingane na uso wa nje, na nilipotaka kufunga mguu wa pili drili ikagonga mguu wa kwanza, haikuingia hata nilipoilaza. Zikiwa ndani, njia iko wazi.

Benchi la pili halikuyumba. Lilipasuka. Niliunganisha mbao tatu za kukalia kwa gundi zikawa ubao mmoja, nikaugandisha kwenye fremu kwa gundi pia, nikajisifu. Ukame ulipofika, mbao zikasinyaa kwa upana wake, na kwa kuwa fremu haikuziachia, ufa ukatokea katikati kwa sauti niliyoisikia nikiwa chumba cha pili. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, karibu hazibadiliki kwa urefu. Siku hizi naacha kila ubao peke yake, na pengo la milimita 5 kati yao, na nazifunga kutoka chini kwa matundu ya mshazari kwenye mbao fupi za fremu na mbao ya kati inayokatisha katikati ya fremu, skrubu mbili kwa kila makutano, bila gundi. Gundi inabaki kwenye viungo vya miguu. Kule kichwa cha ubao kinaifyonza, kwa hiyo paka safu nyembamba, isubiri dakika chache, kisha paka ya pili.

Msasa: namba 80, halafu 120, halafu 180. Vanishi upendayo. Kwa benchi la kukaa nje nunua skrubu zisizoshika kutu, na elekeza midomo ya matundu chini au ndani, au yazibe kwa vijiti vya mbao na gundi. Mfuko ulio wazi unaweka maji kama kikombe, na ubao unaanza kuoza hapo hapo penye kiungo.

Kabla ya vanishi mimi huliweka kwenye sakafu niliyokwisha kuipima kwa pimamaji, nikae ncha moja, nisukume ncha ya pili kwa mguu. Likilia, linarudi kwenye meza ya kazi.