Mtoto kajikinga kichwa, mimi nilikuwa nachukua chaja tu

SWALI: Anti shikamoo. Nina miaka 34, nina mke na mtoto wa kiume wa miaka 7. Mzee wangu alinilea kwa ukali na sio ukali wa kawaida, yaani nikikosea hesabu, nikidondosha kikombe, nikilia, neno ni lilelile, "utaishia kuwa mwanaume suruali wewe". Hadi leo bosi akiniita ofisini natetemeka kama mtoto. Sasa juzi nimenyoosha mkono nichukue chaja juu ya kabati, dogo kakaa pale chini, akajikinga kichwa na mikono yote miwili. Sikutaka kumpiga Anti, ila huwa namfokea na kofi mojamoja anapata. Sikulala. Ndio nimeshakuwa kama mzee wangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo chaja imenitoa machozi. Umeumia na hiyo ni dalili nzuri, lakini dogo hajui kama hukulala, yeye anaujua mkono tu. Mtoto ukimwambia kamwaga chai anajua kamwaga chai basi, ukimwambia yeye hafai analibeba kama jina lake, ndio maana wewe na miaka 34 yako bado unaitikia lile la mzee kila bosi akiita.

Mcheki Obama. Baba yake Mkenya alimwacha akiwa mdogo kabisa, wakaja kuonana mara moja tu, Honolulu, mwisho wa 1971, dogo ana miaka 10, mzee akakaa kama mwezi hivi akaondoka na 1982 akafa kwa ajali ya gari Nairobi. Mwezi mmoja! Na ukubwani anachosimulia ni vitu vidogovidogo, mzee alivyomkaripia aache katuni akasome, na mpira wa kikapu aliomletea zawadi. Karipio halikusahaulika, na kikapu kakicheza mpaka kaingia Ikulu ya Marekani. Wewe uko na wako kila siku, hebu fikiria.

Basi leo jioni kaa naye chini, mwambie "juzi ulipojikinga niliona, nisamehe, sitakupiga tena", halafu nyamaza, usiongezee "ila na wewe unazidi". Anaweza asijibu kitu, akaomba simu acheze gemu, mpe. Kofi acha kabisa, hata lile dogo. Mkeo mwambie habari yote ya mzee, sauti ikianza kupanda akuite jina lako tu. Na hiyo ya kutetemeka kwa bosi usiione aibu, tafuta mshauri nasaha, hospitali nyingi kubwa wapo.

Mzee kama yupo hai kamsalimie, ila usimsubiri akuombe msamaha ndio uanze na mwanao, unaweza kusubiri mpaka unamzika. Kikombe kikidondoka mpe dogo kitambaa, na wewe shika kingine, mfute wote. Kikishadondoka cha kwanza niandikie.