Maswali ya Wasomaji: Viza ninayo, mbona kazi siruhusiwi?

Barua nyingi za toleo hili zimezungukia jambo moja: ruhusa ya kukaa katika nchi na ruhusa ya kufanya kazi humo ni vitu viwili. Hata ruhusa ya kazi ikiwepo, ina mipaka yake: kwa nani, kazi gani, saa ngapi, kuanzia lini.

SWALI: Nimepata viza ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwenda Australia. Ruhusa ni saa 48 kwa wiki mbili. Nimepanga saa 15 wiki ya kwanza, 30 ya pili, 30 ya tatu, 15 ya nne. Kila wiki mbili napata 45. Niko salama?

JIBU: Hapana, na kosa hili ndilo linalowaangusha wengi. Umegawa mwezi mafungu mawili, lakini sheria haigawi hivyo. Wiki mbili kwa hesabu ya Australia ni siku 14 zinazoanzia Jumatatu, na kila Jumatatu inafungua hesabu mpya. Wiki ya kwanza na ya pili zina 45, sawa. Ya pili na ya tatu zina 60, umezidisha saa 12. Kabla ya kukubali zamu, jumlisha saa za wiki iliyopita na za wiki inayokuja, isizidi 48. Ukikaa kwenye 24 kila wiki huna haja ya kalamu. Wakati wa likizo rasmi za chuo kikomo hiki hakipo. Ila usiguse kazi yoyote kabla kozi haijaanza, hata kama umewasili mapema na mwajiri anakuhitaji leo.

Anayekwenda Uingereza asichukue hesabu hii. Kule ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa masomo ya ngazi ya shahada, na 10 kwa masomo ya chini yake. Wiki ni Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna kufidia: ukifanya 26 wiki hii na 14 wiki ijayo, wastani ni 20 lakini umeshavunja sharti. Waajiri wawili wanahesabiwa pamoja. Kazi isiyo na malipo nayo inahesabiwa. Wanafunzi wa shahada ya uzamili wanajikwaa zaidi kiangazi: vipindi vimekwisha, wanadhani wako likizo, kumbe kwa wengi wao kuandika tasnifu bado ni muhula. Omba chuo barua yenye tarehe za muhula wako wewe, si za shahada ya kwanza.

Mtego mwingine wa Uingereza ni kujiajiri. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri hata saa moja. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu kwa kawaida huhesabiwa kujiajiri, kwa hiyo saa zako hata zikiwa tano, kosa liko palepale.

Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024. Japani ni 28, lakini lazima kwanza uombe ruhusa ya kazi za ziada. Ujerumani huhesabu siku: 140 kamili au 280 nusu kwa mwaka, tangu Machi 2024.

SWALI: Niko Uingereza kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Mwajiri amenipunguza kazini. Rafiki yangu wa Marekani anasema nina siku 60 na naweza kuanza kwa mwajiri mpya mara tu maombi yakipelekwa. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako anasema kweli ya kwake. Mwenye viza ya H-1B, yaani ya wafanyakazi wenye ujuzi Marekani, ana hadi siku 60 baada ya kazi kukoma, au hadi muda wake wa kukaa uishe ikiwa unaisha kabla. Zinahesabiwa tangu siku ya mwisho ya ajira. Kiinua mgongo hakizisogezi mbele. Akipata mwajiri mpya, anaweza kuanza pale maombi ya mwajiri huyo yanapopokelewa na idara ya uhamiaji, bila kungoja majibu.

Kwako wewe uliye Uingereza, mwajiri anatakiwa kuitaarifu idara ya uhamiaji ya huko ndani ya siku 10 za kazi. Kisha idara hukuandikia kufupisha viza, kwa kawaida hadi siku 60 kuanzia barua hiyo. Kagua baruapepe yako kila siku, hasa kama anwani uliyojaza iliandikwa na wakala. Ndani ya muda huo mwajiri mpya akupe cheti chake cha udhamini, upeleke maombi, halafu usubiri idhini ndipo uanze. Kuanza “kujifunza kazi” huku unasubiri ni kufanya kazi. Mwajiri naye ana cha kuogopa: tangu Februari 2024 faini inafika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na ruhusa kwa kosa la kwanza.

Tena, hata kwa mwajiri yuleyule, ukihamishiwa kazi yenye msimbo (namba ya aina ya kazi) tofauti na ule ulio kwenye cheti cha udhamini, unahitaji maombi mapya. Pongezi za kupandishwa cheo zisikusahaulishe hilo.

SWALI: Mume wangu anasoma Marekani, mimi nina F-2, viza ya mwenza wa mwanafunzi. Naweza kulea watoto wa jirani kwa malipo?

JIBU: Hapana, dada. F-2 haina kazi ya malipo kabisa, hata taslimu. Usichanganye na H-4 ya wenza wa wafanyakazi: baadhi yao, tangu 2015, huruhusiwa wakishapata kadi ya kazi, hasa mwenza mwenye viza ya kazi anapokuwa na ombi la ukaazi wa kudumu lililokubaliwa.

SWALI: Nikitembelea Uingereza kwa viza ya mgeni naweza kuendelea na kazi yangu ya nyumbani kwa kompyuta?

JIBU: Ndiyo, tangu mwisho wa Januari 2024, mradi kazi hiyo isiwe sababu kuu ya safari na usimfanyie kazi mwajiri wa Uingereza.

SWALI: Wakala anasema mwajiri wa Ghuba atanitunzia pasipoti “kwa usalama”, na kwamba kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, imefutwa. Nimwamini?

JIBU: Pasipoti ni yako. Qatar, kwa mfano, sheria inamkataza mwajiri kuishikilia. Kuhusu kafala, uliza ni nchi gani na kazi gani. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kibali cha mwajiri ili uhame kazi, pamoja na wafanyakazi wa nyumbani. Mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, wakulima na watunza bustani. Kwa walioachwa nje, kuondoka kwa mwajiri bila utaratibu kunaweza kukuletea taarifa ya kutoroka na kukugeuza mkosaji. Kabla ya kusafiri, piga picha ukurasa wa viza, mkataba uliosainiwa na pasipoti, umwachie mtu nyumbani. Na linganisha kazi iliyoandikwa kwenye viza na ile iliyo kwenye mkataba: zikitofautiana, usipande ndege.